Samaki wa Kwanza Alikuwa wa Siméon

Siméon Kahongya ana miaka hamsini na tisa na kazi yake ni kula. Sisemi hivyo kwa dharau. Mimi nafundisha darasa la tano, kazi yangu ni kuwaambia watoto hamsini na saba jambo lilelile mpaka mwezi wa sita, kwa hiyo sina kiti cha juu cha kukalia nikadharau kazi ya mtu. Nasema tu ilivyo. Kila siku isipokuwa Jumapili, saa nne kasoro robo, Siméon alikaa kwenye kigoda mbele ya kibanda cha mke wake, kando ya barabara ya Beni hapa Butembo, akala samaki wa kwanza aliyetoka kwenye mafuta, huku sisi wateja tumesimama tunamtazama. Akimaliza, na akiwa bado mzima, nasi tulikula.

Mgeni ataona ni kichekesho. Sisi hatucheki. Hapa kwetu mtu anaogopa sumu kuliko bunduki, maana bunduki angalau inasikika. Anayekupa kinywaji anakunywa kwanza. Chupa inafunguliwa mbele ya macho yako; ikija imefunguliwa jikoni, unashukuru sana na kusema umeshiba. Hata kwa shemeji yako, mwenye nyumba anachovya mchuzi na kulamba kabla hajasema karibu, na hakuna anayekasirika. Anayekataa kuonja ndiye anayeulizwa maswali.

Mke wake anaitwa Kavugho. Alitoka Kasugho, kule mashamba yanakopakana na msitu, akiwa na miaka ishirini na tisa, akaolewa na Siméon ambaye siku hizo alikuwa fundi cherehani. Kukaanga alijifunza kwa shangazi yake sokoni Kirumba, ambako madereva wa malori hawana subira na samaki mwenye majimaji. Alirudi na karai kubwa la chuma, akajengewa kibanda cha mbao hatua tatu kutoka kwenye cherehani ya mumewe. Siku ya kwanza alikaanga samaki kumi na wawili na hakuuza hata mmoja. Watu walisimama, wakanusa, wakameza mate, wakaenda zao. Hakuna aliyejua ni mtoto wa nani.

Siku ya pili dereva mmoja wa Beni, Mwislamu anayeitwa Yassini, alimwambia waziwazi, kwa ile mais ya Kifaransa tunayosema sote badala ya lakini.

"Mama, harufu iko muzuri. Mais weye uko nani?"

Siméon aliacha suruali aliyokuwa anaipunguza, akavuka hatua zake tatu, akachukua samaki mmoja kwa mkono, akamla mbele ya wote, kuanzia kichwa. Akanywa maji. Akasema, "Huyu iko muke yangu. Kama kuko sumu, miye njo nitatangulia." Samaki wengine wote walikwisha kabla hajapangusa vidole. Tangu siku ile Yassini ni mteja, na tena ndiye anayeleta samaki wenyewe kutoka Kyavinyonge na lori lake, barabara ikiwa wazi.

Hiyo ni miaka kumi na minane iliyopita. Nguo za mitumba ziliua ushonaji polepole, cherehani ikauzwa, ukabaki ule ulaji. Siméon aliufanya kwa adabu. Alivaa shati lililopigwa pasi. Alianza na kichwa, akaenda ubavu wa kulia, akageuza, akamaliza wa kushoto, akanywa bilauri moja ya maji, akasema neno moja, "Muzuri." Alikula akiwa na malaria. Alikula asubuhi ya mazishi ya mama yake, amevaa koti jeusi, kisha akaenda makaburini. Yassini alimtania kila mara, "Papa Siméon, Mungu alikupenda! Kazi yako kukula, na bosi iko muke yako." Siméon hakucheka. Alisema tu, "Weye unazani iko mwepesi." Sisi ndio tuliocheka.

Sasa niseme juu ya samaki huyo, kwa sababu nimemla miaka kumi na mmoja na nina haki. Kavugho alimpaka chumvi usiku kucha, akamwongezea nyingine asubuhi. Mawese aliyaweka kwenye karai, akayaacha motoni mpaka moshi ukapanda na wekundu wote ukaondoka, kwa sababu mtu anayekaangia mawese mekundu huku kwetu anaonekana hajui kupika. Mafuta yaliyobaki hayakumwagwa. Kesho yake aliongeza mapya juu ya yale ya zamani, na kesho kutwa vilevile. Alijivuna nayo. Alisema mafuta mapya hayajui kitu, mafuta mazee ndiyo yanajua kazi. Yalikuwa meusi kama kahawa, na samaki alitoka humo mwekundu, mkavu, kichwa kinavunjika kwa meno. Sijawahi kula kitu kitamu zaidi, na nalisema hili nikijua yaliyofuata.

Yaliyofuata yalianza Jumanne moja ya mwezi wa pili. Siméon alikuwa amemaliza kichwa na ubavu wa kulia. Alitaka kugeuza samaki, mkono ukakataa. Akautazama mkono kama mtu anayemtazama mfanyakazi mvivu. Alipojaribu kusema kitu, mdomo ulivutwa upande mmoja na maneno yakatoka yamelowa. Kavugho aliruka juu ya karai na mafuta yake yanayochemka, jambo ambalo mwanamke wa miaka hamsini hafanyi, akamdaka kabla hajaanguka. Mimi na Yassini tulimpakia kwenye pikipiki, mmoja mbele, mmoja nyuma, yeye katikati, tukampeleka kwenye kituo cha afya.

Muuguzi pale ni Bénite, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno. Alifunga kile kitambaa kwenye mkono wa Siméon, akapampu, akasikiliza, akapampu tena.

"Tension iko dix-neuf sur onze," alisema, yaani presha kumi na tisa kwa kumi na moja, juu mno. "Huyu mutu anakulaka nini?"

Kavugho, aliyekuwa amefika akikimbia na aproni yake, alijibu kwa fahari kidogo, kwa mazoea. "Samaki. Kila siku. Ya kwanza."

"Unaipika namna gani?"

Akaeleza. Bénite alisikiliza mpaka mwisho.

"Mafuta unaitupaka kisha siku ngapi?"

"Kutupa?" Kavugho alinigeukia mimi, kama kwamba mwalimu anaweza kulitafsiri swali. "Nani anatupaka mafuta?"

Bénite alivuta kigoda. Alisema samaki hana kosa. Samaki wa Kyavinyonge ni chakula kizuri kuliko nyama nyingi. Kosa liko kwenye karai. Mafuta yakichomwa leo, kesho na mwezi mzima, yanaharibika, na uharibifu huo unaingia kwenye mishipa ya mtu. Ile rangi nyekundu wanayoifukuza kwa moshi ndiyo iliyokuwa na faida kwa macho na kwa ngozi. Chumvi ya kulaza samaki usiku kucha inapandisha damu hata ya ng'ombe. Amfunge samaki kwenye majani ya mgomba na nyanya, kitunguu na ndimu, ampike kwa mvuke. Au amchemshe mchuzi mwepesi. Mawese ayaweke mwishoni, kijiko, mekundu hivyohivyo.

"Na boga?" Kavugho aliuliza. Huku kwetu boga ni mboga za majani.

"Boga gani?"

"Zote. Naipikaka masaa tatu."

"Sombe, ndiyo, iive sana. Majani ya muhogo isipoiva inaumiza mutu. Mais lengalenga, dakika kumi. Kisha masaa tatu ile unakula iko rangi tu."

Basi kumbe sombe ipikwe sana na lengalenga, yaani mchicha, ipikwe kidogo. Sisi tulizipika sawasawa, kwa ajili ya usawa.

Yassini aliyekuwa mlangoni aliuliza kama afadhali samaki wa kuchoma juu ya makaa. Bénite alisema afadhali, asipokuwa mweusi. Ile nyeusi ya nje aikwangue. Yassini, ambaye anaipenda hiyo nyeusi kuliko samaki mwenyewe, hakuuliza tena. Bénite alitoa vidonge vya asubuhi na jioni, akamwambia Kavugho neno la mwisho polepole, akimshika kifundo cha mkono.

"Mama, hii ilikuwa hodi. Samaki ya mafuta na chumvi tena, hapana. Atarudi hapa, mais atarudi amelala."

Kavugho ni mtu wa kutii. Akiambiwa jambo na mtu mwenye kipimo, analifanya. Jumatano alimpikia mumewe samaki kwenye majani ya mgomba, nyumbani, akamfungulia mbele yake. Mvuke ulitoka, harufu ya ndimu ikatoka. Siméon alitazama samaki mweupe, laini, ametulia kwenye maji yake.

"Mama Sadrack," alisema, maana wanaitana kwa jina la kifungua mimba wao, "hii iko chakula ya mugonjwa."

"Uko mugonjwa, Papa Sadrack."

"Njo mana sitaki watu baone."

Alikula matonge mawili akaacha. Alhamisi matonge mawili. Ijumaa tonge moja, akageukia ukuta. Vidonge alimeza, chakula hapana. Kavugho aliniambia haya baadaye, akikata vitunguu ili nisijue kama analia, na nilijua.

Na kibandani? Hapo nina aibu, na ni bora niiseme mwenyewe kuliko isemwe na Yassini.

Jumatano hiyohiyo Kavugho alifungua kama kawaida, kwa sababu nyumba ina watu wanaokula. Alikaanga. Saa nne kasoro robo tulikuwa watu kumi na mmoja, tumejipanga. Kigoda kilikuwa kitupu. Tulikitazama. Kavugho alisema, "Papa Sadrack iko nyumbani, analala. Karibuni." Hakuna aliyesogea. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye mstari. Niliangalia saa yangu, nikasema nina mkutano na mkurugenzi wa shule, nikaondoka. Sikuwa na mkutano. Nyuma yangu watu kumi walikumbuka mikutano yao, hata Onésime wa gereji, ambaye hajawahi kuitwa kwenye mkutano wowote tangu azaliwe. Mwalimu akiondoka, watu hufikiri amesoma kitu mahali.

Mpaka jioni barabara yote ilikuwa na maelezo. Mwonjaji ameanguka. Ameanguka samaki akiwa mkononi. Kwa hiyo samaki alikuwa na kitu. Wengine walisema mke amemchoka mume, wengine walisema mkaangaji mwenzake wa ng'ambo ya barabara ametuma mtu. Niliwaeleza kwamba ni tension, kwamba nilikuwepo, kwamba ni mafuta na chumvi. Walinisikiliza kwa huruma. Mama mmoja muuza mkaa aliniuliza, "Mwalimu, na weye mbona haukukula?" Niliangalia tena saa yangu.

Nimelifikiria sana jambo hili. Kipimo chetu cha sumu kilifanya kazi kwa uaminifu miaka kumi na minane. Kilikuwa na kasoro moja tu, kwamba kilichelewa kutoa majibu. Na kilipoyatoa, yalikuwa ya kweli, sisi tukamtafuta mchawi.

Jumamosi nilikwenda kumwona Siméon. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, shati lake limepigwa pasi na limefungwa vifungo vyote, mkono wa kulia umelala pajani. Amepungua. Sahani ya samaki wa majani ilikuwa mezani, imefunikwa, imepoa.

"Papa Siméon, ukule," nilisema.

"Banasema muke yangu aliniua."

"Batu banasemaka."

"Mwalimu, siko na kazi ingine. Mashini niliuzisha. Kazi yangu ni kukula, batu banaona, banatulia. Hii," akaonyesha sahani kwa kidevu, "nikule hapa peke yangu kama mufungwa, inasaidia nani?"

Nilimwambia inamsaidia yeye. Alinitazama kana kwamba nimetoa jibu la mwanafunzi wa mwisho darasani.

Jumatatu alikuja. Hakuna aliyemwita. Tuliona tu mtu anateremka kilima, mguu mmoja unakokota kidogo, kofia kichwani, hatua kwa hatua, na barabara yote ikageuka, pamoja na mkaangaji wa ng'ambo. Alifika, akakaa kwenye kigoda, akaweka mkono wa kushoto tayari.

"Mama Sadrack, leta."

"Papa Sadrack, hapana."

"Leta. Batu banangojea."

Na kweli tulikuwa tunangojea. Tulikuwa tumekwisha kurudi, mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake ya kupita pale. Kavugho alitutazama. Angeweza kutuambia tuondoke, na natamani angetuambia. Alichota samaki wa kwanza, yuleyule wa mafuta meusi, akamweka kwenye sahani kwa kishindo. Siméon alikula kichwa. Alikula kulia. Kugeuza kulimshinda, akageuza sahani yenyewe. Alikula kushoto. Maji yalimwagika kidogo kwenye kola. Akasema, "Muzuri."

Tukala. Nilikula wawili. Walikuwa watamu vilevile, na ninyi mnaosoma mkitaka kunitukana, fanyeni haraka, maana nimekwisha kujitukana.

Kavugho hakula. Alivua aproni, akafunika karai kwa kifuniko cha bati, akapanda pikipiki ya kwanza iliyopita. Nusu saa baadaye alirudi na Bénite, na Bénite alikuwa na mashine yake ndani ya mfuko wa plastiki.

Alimpima Siméon palepale kwenye kigoda. Ishirini na moja kwa kumi na mbili. Alisema nambari hiyo kwa sauti, akampa kidonge, akamwambia afunge macho na asiongee. Kisha akatugeukia. Tulikuwa na mafuta kwenye midomo.

"Siye hatuna kitu," Onésime alisema. "Yeye njo mugonjwa."

"Kaa," Bénite alisema.

Alitupima wote, kwa mpangilio wa mstari, kama chanjo. Onésime, kumi na nane kwa kumi. Muuza mkaa, kumi na saba kwa kumi na moja. Mimi, kumi na saba kwa kumi. Yassini, ambaye anabeba magunia na kujisifu, kumi na tisa kamili juu. Aliomba apimwe tena mkono mwingine, na mkono mwingine ulisema vilevile. Kati ya watu kumi na mmoja, saba walikuwa nayo. Bénite hakutupa hotuba. Aliandika nambari zetu kwenye vipande vya karatasi, akampa kila mtu yake, akasema kesho asubuhi kituoni, na akaondoka, kwa sababu alikuwa na wajawazito wanamngoja.

Tulibaki na vikaratasi vyetu. Siméon alikuwa amefumba macho, anapumua kwa mdomo. Yassini alisoma chake mara tatu.

"Mama Kavugho," alisema mwishowe, bila utani wowote, "kama hii iko mubaya kwa bwana yako, siye tuko batu ya nani?"

Kavugho alikaa chini kwenye gogo lake la kukatia kuni, akafunika uso kwa kitenge, na akalia waziwazi, kwa sauti, mchana kweupe, mbele ya wateja. Miaka kumi na minane alikuwa ametulisha kwa mkono safi na moyo safi, na sasa ilimbidi ahesabu upya kila sahani. Nilitaka kumwambia hakujua. Nilitaka kumwambia sisi ndio tuliodai chumvi zaidi. Nilikunja kikaratasi changu, nikakitia mfukoni.

Siku iliyofuata karai halikuwepo. Mafuta alimpa Onésime, ambaye aliyapaka kwenye bawaba za lango la gereji, na lango halilii tena. Jikoni palikuwa na sufuria moja kubwa sana, ile ya matanga, na ndani yake mafungu ya majani ya mgomba yamepangwa kama vitabu, yanatoa mvuke. Samaki wote, njia moja. Hakuna cha mgonjwa na cha mzima. Siméon alikuwa ameletwa na pikipiki na kukalishwa kwenye kigoda chake. Kutoka kwa watu kumi na mmoja tulikuja saba. Wale wanne wengine walikuwa ng'ambo ya barabara, kwa mkaangaji yule, wanatutazama huku wanatafuna.

Kavugho alifungua fungu la kwanza, akamwekea mumewe mapajani. Samaki mweupe, nyanya, ndimu.

Siméon alimtazama. Akatutazama sisi. Akafunga majani tena, polepole, kwa mkono wake mmoja, pembe kwa pembe.

"Mbele ya batu, hapana," alisema. "Nilikula samaki ya mwanaume hapa miaka dix-huit. Leo banione nakula hii na mudomo unapinda? Munirudishe ku nyumba."

"Papa Sadrack, kisha utakula ku nyumba?"

Siméon aligeukia barabara. Sote tulijua jibu. Mtu anayekula tonge moja kwa siku na kumeza vidonge juu ya tumbo tupu hana miezi mingi, na hilo halihitaji mashine.

Nilifikiri Kavugho atalia tena. Badala yake alisimama wima, akachota mafungu saba kutoka kwenye sufuria, akayapanga juu ya meza, akatugeukia. Sauti yake haikuwa kubwa.

"Huyu mwanaume alikula mbele yenu miaka dix-huit juu nyinyi musiogope. Na homa alikula. Siku ya kuzika mama yake alikula. Leo iko yeye njo anaogopa. Haogope sumu, anaogopa aibu. Sasa nani atakula mbele yake?"

Onésime alitazama viatu vyake. Yassini alitazama karatasi yake, ambayo alikuwa bado nayo. Nilitambua kwamba miguu yangu imekwisha kunitoa kwenye mstari, bila kuniuliza.

Alinipa fungu la kwanza. Hapakuwa na mahali pa kukaa, nikachuchumaa mbele ya Siméon, macho kwa macho. Nilifungua majani. Watu wote wa barabara walikuwa wananitazama, wa upande wetu na wa ng'ambo, na koo langu lilikauka ghafla kiasi kwamba tonge la kwanza lilikaa mdomoni halijui pa kwenda. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtu yule alihitaji bilauri ya maji kila siku. Na sisi tulimcheka.

Nilimeza. Nikala tena. Siméon hakupepesa jicho.

"Mwalimu," alisema, "iko namna gani?"

Niliona Kavugho ananitazama, ananiomba kwa macho niseme ni tamu. Lakini yule mzee alikuwa ametuambia ukweli miaka yote, kwa neno moja, baada ya kula. Sikuweza kumlipa kwa uongo.

"Haina ladha, Papa Siméon. Chumvi imepunguka sana. Mais iko chakula, na nitaimaliza."

Upande wa mdomo wake unaomtii ulipanda juu kidogo.

"Unaona sasa kama iko mwepesi," alisema.

Yassini alisogea akachukua fungu lake, akachuchumaa karibu nami na goti lake likalia. Kisha Onésime, kisha muuza mkaa, kisha wengine, mpaka tukawa watu saba tumechuchumaa kwenye vumbi la barabara ya Beni, tunakula samaki asiye na chumvi mbele ya mtu mmoja aliyekaa. Siméon alituangalia kila mmoja, kwa zamu, anavyomeza.

Ndipo alipoyafungua tena majani yake. Alianza na kichwa, na kichwa kilikuwa laini, hakikuvunjika kwa meno, akakinyonya. Alikwenda ubavu wa kulia. Alipofika mahali pa kugeuza, mkono wa kushoto ulihangaika, na Kavugho akainama akamgeuzia, haraka, kama mtu anayefukuza nzi, ili isionekane ni msaada. Alikula wa kushoto. Alikula mkia. Kavugho alisimama nyuma yake, akiwa ameshika mgongo wa shati lake kwa vidole viwili, na hakumwachia mpaka mifupa yote ilipokuwa juu ya jani.